Kibiri cha Kota

Sista Asia hakuwa mtu wa kukosa jibu. Tangu alipohamishiwa Kibondo kutoka Muheza, wodi nzima ya wazazi ilimjua kwa mambo mawili: mikono laini na ulimi wa pilipili. Kila siku ya kliniki alisimama mbele ya akina mama wajawazito akawahubiria mboga za majani utadhani ndizo zilizoshikilia mbingu zisianguke. Mchicha unaongeza damu. Matembele yanaongeza damu. Kisamvu nacho, msikidharau, kinaongeza damu. Akina mama walimsikiliza, wakapiga makofi ya heshima kama Waha walivyozoea, wakaenda zao.

Asubuhi moja ya mwaka tisini na nne, katikati ya mahubiri hayo, mama mmoja mwenye mimba kubwa akanyoosha mkono. Akauliza kwa upole, bila ubaya wowote moyoni:

"Sista, na ninyi huko kota mmepanda wapi?"

Asia akafungua mdomo, na mdomo ukabaki wazi. Kwa sababu ukweli ni kwamba nyumbani kwake watoto walikuwa wanakula ugali na maharage, kesho yake maharage na ugali. Tangu Warundi walipovuka mpaka kwa maelfu wakikimbia vita, mashirika yalikuja nyuma yao na magari, na magari yalikuja na wapishi, na wapishi hao walifika sokoni kabla ya jua na kuzoa matenga mazima. Mboga iliyobaki ilikuwa imenyauka na bado inauzwa kwa bei ya nyama. Wakimbizi wenyewe hawakuwa na kosa, maskini. Nao huko kambini walikuwa wanatafuna mahindi ya mgawo bila hata jani la kusindikizia. Lakini kosa liwe la nani, sufuria ya Asia ilikuwa haijaona kijani kwa muda mrefu, na yeye ndiye aliyekuwa akiwafundisha wenzake kula kijani. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka.

Jioni alitoka nje akasimama barazani. Kota za serikali pale zilijengwa kwa safu mbili zinazotazamana, na katikati yake kulikuwa na uwanja mpana usio na kazi. Nyasi zilifika magotini. Kona ya juu mafundi walioezeka kota miaka hiyo walimwaga vifusi vyao, mawe na vipande vya tofali, wakaondoka. Mbuzi wa watu walijilia humo bila kuulizwa. Asia alikuwa ameupita uwanja ule kila siku ya Mungu, na siku hiyo ndipo alipouona.

"Jamani," akamwita jirani yake, "tuna shamba hapa, na sisi tunalia njaa!"

Jirani huyo alikuwa mwalimu Evaline, mzaliwa wa vilima vya hapo hapo Kibondo, mwanamke mpole mwenye kicheko cha ghafla. Akautazama uwanja, akamtazama Asia.

"Ego, ndiyo, ni shamba," akasema. "Ila lina mchumba tayari. Hujasikia? Bazilio analitaka aegeshe malori."

Bazilio alikuwa mfanyabiashara wa mjini. Zamani alibeba chumvi na dagaa kutoka Kigoma, sasa alikuwa anabeba mizigo ya kambini, na malori yalikuwa yamezaana. Alikuwa ameomba uwanja ule, na maombi yake yalikuwa yamefika kwa Bwana Abdalah, afisa ardhi. Asia hakulala na hilo tumboni. Kesho yake, akiwa bado na gauni lake jeupe la kazi, alikwenda kumwona.

Bwana Abdalah alikuwa mtu mkimya, mwenye tabia ya kuangalia dirishani unapozungumza naye, ukadhani hakusikii. Alimsikiliza mpaka mwisho.

"Sista, ardhi ya serikali haikai tupu," akasema. "Bazilio ana malori, ninyi mna maneno. Mimi nitafanya hivi. Mvua zikishika, nitakuja hapo kota kwa miguu yangu. Nikikuta udongo umegeuzwa wote na mbegu zinangoja, uwanja ni wenu. Nikikuta nyasi, Bazilio aingie."

Asia akarudi kota anaimba.

Basi mkutano ukaitishwa, na kota nzima ikaja, maana hakuna kitu kinachowakusanya wafanyakazi wa serikali kama mkutano. Walitoka kila pembe ya nchi: Mgogo wa mahakamani, Mnyakyusa wa maji, Mmakonde wa posta, na mwenyekiti wao wa kuchaguliwa kwa kelele, Bwana Isack wa takwimu, mtu wa Rombo. Isack alikuwa mtu mwema, tena mchapakazi, lakini alipenda utaratibu kama wengine wanavyopenda nyama choma. Hapo hapo ikazaliwa kamati. Kamati ikazaa kamati ndogo ya mbegu, ya mbolea, ya uzio na ya maadili. Naam, ya maadili ya bustani! Kisha wakabishana mwezi mzima nini kipandwe. Mnyakyusa alitaka mpunga. Mgogo alisema uwele haujawahi kumtupa mtu. Isack alitaka migomba ya kwao, akasifia ndizi za Rombo mbele ya watu wa Kigoma, na Evaline akacheka mpaka akatoka nje.

Mwishowe mpango ukakamilika, na kwa kweli ulipendeza. Isack aliuchora kwa kalamu za rangi kwenye karatasi kubwa, matuta yamenyooka, kila kota na sehemu yake. Pembeni aliandika ratiba: Septemba mpaka Januari, vikao na maandalizi, Februari, kulima, Machi, mvua zikishika, kupanda. Wote wakapiga makofi, Asia akiwemo. Alipiga kwa nguvu kuliko wote.

Sasa hapa ndipo penye kichekesho, na atakayecheka ajue nao walijicheka baadaye. Watu wale walikuwa wameishi Kibondo miaka. Mvua za Novemba zilikuwa zimewalowesha mwaka baada ya mwaka, zimewaozeshea viatu. Lakini mtumishi wa serikali hata ukimhamisha, kalenda ya kichwani haihami. Huko Muheza na huko Rombo watoto hukua wakijua kwamba mvua kubwa ni ya Machi, na yeyote aliyekulia huko akiambiwa "mvua zikishika" anaona Machi. Hakuna aliyeuliza. Evaline naye siku ya ratiba alikuwa anasahihisha mitihani, na karatasi ile ilikuwa nyumbani kwa mwenyekiti, imeviringishwa isichafuke.

Asia aligundua mwenyewe, na aligundua vibaya. Ilikuwa mwisho wa Septemba, ametoka na kliniki ya mkoba kwenda kupima watoto kijijini. Wakatundika mizani kwenye tawi, wakangoja. Hakuja mama hata mmoja. Alipoinua macho akaona kwa nini. Kilima kizima kilichokuwa mbele yake kilikuwa kimegeuka rangi. Juu mpaka chini watu walikuwa wamejipanga safu, majembe yanapanda na kushuka pamoja, na nyuma yao udongo umebaki mwekundu, mbichi, tayari. Kilima cha pili vilevile. Cha tatu vilevile. Dunia yote ilikuwa inajiandaa kwa mvua, isipokuwa kota za serikali, ambazo zilikuwa na kikao Ijumaa.

"Mungu wangu," akasema peke yake. "Machi mvua zinaaga!"

Aliporudi hakuvua hata viatu. Alimkuta Isack barazani anakunywa chai.

"Mwenyekiti, mvua zinakuja mwezi ujao!"

"Mpango unasema Machi."

"Mpango umekosea."

"Mpango umepitishwa," akasema Isack, lakini sauti ilikuwa imeanza kupungua. Akaweka kikombe chini. Akatazama vilima ng'ambo ya bonde, akavitazama muda mrefu, na Asia akamwona uso unavyobadilika taratibu. "Lo," akasema. "Lo, lo, lo."

Jumamosi yake walishuka uwanjani wote, na majembe mapya. Walichagua majembe hayo kwa uangalifu mkubwa dukani, huyu anataka jepesi, huyu mpini mnene. Na mchagua jembe, wahenga walishasema, si mkulima. Ardhi ile ilikuwa imekanyagwa miaka na miaka. Jembe lilipotua liliruka. Kufika saa sita walikuwa wamekwangua kipande cha kutandika mikeka michache, mikono imetoka malengelenge, na Mgogo wa mahakamani amelala chini anaomba maji. Wakatafuta vibarua. Hawakupatikana, si kwa bei yoyote: wenye nguvu walikuwa kwenye mashamba yao, na waliobaki wamechukuliwa na kazi za kambini. Bazilio alipita na gari lake, akapunguza mwendo, akapiga honi ya salamu.

"Poleni na kazi!" akasema, meno yote nje. "Msijichoshe sana. Lori likikanyaga litasawazisha!"

Asia alitamani kumrushia jembe. Alipofika ndani alikaa kwenye kiti akalia, analia kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Evaline akaja na mafuta ya kupaka viganja.

"Wale watu wa vilimani," Asia akauliza huku anafuta pua, "wanalimaje kilima kizima kwa siku moja?"

"Ni kibiri, dada. Leo wote kwako, kesho wote kwangu. Mwenye shamba anapika, watu wanakula, basi."

"Basi si tuwaite waje kwetu!"

Evaline akaendelea kumpaka mafuta taratibu.

"Kibiri hakiitwi hivyo," akasema mwishowe. "Unaita uliokwenda kwao. Sasa ninyi, dada yangu, mmekwenda kwa nani?"

Hapo Asia akajua tatizo lao halikuwa mvua wala ugumu wa udongo. Walikuwa wamekaa miaka katikati ya watu kama maembe kwenye tenga la mtu mwingine, wanangoja kuhamishwa. Waliwatibu, waliwafundisha, waliwahesabu, waliwahukumu. Kwenye shamba la mtu hakuna aliyewahi kuinama. Akafikiri usiku ule, na asubuhi akawaita kota wote akawaambia mpango mpya. Mpango huo haukuhitaji karatasi.

"Tuache uwanja wetu. Tukalime ya watu."

Kelele zilizozuka hapo! Mmakonde wa posta aliuliza kama malaria imempanda kichwani. Isack akasema, kwa haki kabisa, kwamba mvua iko mlangoni, kila Jumamosi ni dhahabu, na mtu mwenye akili hapeleki maji kwa jirani nyumba yake ikiwaka moto.

"Tumelima Jumamosi nzima, umeona tulichopata," Asia akamjibu. "Tukiendelea peke yetu tutashindwa tukiwa na uhakika. Tukienda kwao, angalau tutashindwa tukiwa na marafiki. Kidole kimoja hakivunji chawa, Mwenyekiti, na sisi hapa wote pamoja ni kidole kimoja, tena kimevimba."

Wakacheka, na kwa kucheka wakakubali.

Evaline akawapeleka kwa ndugu zake kwanza. Watu wa kilimani walipoona msafara ule, sista, karani wa mahakama, bwana takwimu na miwani yake, wakadhani wamekuja kuhesabu ng'ombe. Walipoambiwa wamekuja kulima, mzee mmoja akasema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawa siku zao mbili zilikuwa ndefu!" Kilima kikapasuka kwa kicheko. Wakawekwa kwenye safu, mtu wa kota katikati ya wawili wa kilimani. Yule anayebaki nyuma, jirani zake wanamnyanyulia kipande chake bila neno, safu isikatike. Siku ya kwanza Asia alinyanyuliwa mpaka akaona haya. Ya pili kidogo. Ya tatu alimnyanyulia mwenzake, na furaha aliyoipata hapo hajawahi kuipata kwenye mshahara wowote.

Walikwenda Jumamosi, wakaenda na baada ya kazi. Huku nyuma uwanja wao ulikuwa umelala na nyasi zake, na kila walipoupita jioni, wamechoka, udongo umewakauka miguuni, waliharakisha hatua.

Kisha ikaja zamu ya Bibi Philomena, mjane aliyekaa peke yake juu kabisa ya mteremko, pembezoni mwa mwamba. Walipomaliza nusu ya shamba wakapumzika, na Isack, kwa mazoea ya kazi yake, akamuuliza bibi ana watoto wangapi.

"Aliyebaki ni mmoja," akasema bibi. "Yuko mjini. Anaitwa Bazilio, ana malori."

Watu wa kota wakatazamana. Mmakonde akaweka jembe chini taratibu kama mtu anayeweka yai.

"Tunamlimia mama wa adui yetu," akamnong'oneza Asia. "Twende zetu. Mwanawe ana malori, amletee lori limlimie."

Wote wakamtazama Asia. Naye alimtazama yule bibi, mikono imepinda kama mizizi, akiwagawia viazi vitamu vya kuchemsha, kila mmoja anampa kwa mikono miwili. Malori yote yale, Asia akafikiri, na mama analima mwamba. Hasira ikampanda, ila haikuwa juu ya bibi.

"Hatukuja kwa Bazilio," akasema. "Tumekuja kwa bibi. Shikeni majembe."

Wakamaliza shamba lote. Habari zikafika mjini kabla yao. Bazilio alisimulia sokoni kwa sauti kubwa kwamba serikali siku hizi imempa vibarua wa bure, wenye vyeti, wanamlimia mama yake. Sokoni walicheka. Asia akapita katikati ya kicheko hicho, kichwa juu, lakini moyoni kilimchoma.

Na mvua ikaja. Alasiri moja mbingu zikafunga upande wa Burundi, upepo ukanuka udongo, na matone ya kwanza yakapiga mabati ya kota. Kesho yake Bwana Abdalah akatuma salamu: atakuja Jumamosi, mchana.

Kibiri huitwa na mwenyewe, kwa mdomo wake, mlango kwa mlango, hakitumiwi mtu. Basi Asia akapanda vilima kwenye matope, na Kiha chake cha kuokoteza, gauni limelowa mpaka kiunoni. Kila mlango alipiga makofi akasalimia, "Mwakeye," akabadilishana nao yale maamkizi marefu ya watu na mifugo na mashamba, halafu akaomba. Kila mlango walimjibu vizuri. Lakini aliona mbegu za maharage zimeanikwa kwenye ungo barazani, na alijua. Mvua ikishashika, kila mtu ana shamba lake linalomwita. Alirudi akiwa hana hakika na mtu hata mmoja.

Jumamosi ilipambazuka na ukungu. Wanawake wa kota walikuwa wamepika ugali wa muhogo na maharage kwa masufuria ya harusi. Evaline alikuwa amekamua ndizi mbivu akapata mitungi ya umutobe, ile juisi tamu isiyolevya, kwa heshima ya Asia na dini yake. Wakasimama uwanjani na majembe, wanatega masikio. Kilichosikika kwanza kikawa injini.

Lori la Bazilio likatoka kwenye ukungu na taa zimewaka, likasimama ukingoni mwa uwanja. Mwenyewe alikuwa amekaa mbele pembeni ya dereva, shati jeupe.

"Habari za asubuhi!" akaita. "Nimekuja mapema nisimcheleweshe Bwana Abdalah. Sista, watu wako wako wapi?"

Asia hakujibu. Ilikuwa mara ya pili mwaka huo kukosa jibu, na hii ya pili iliuma zaidi. Alihesabu nyasi zote zile, akawahesabu watu wa kota, akaona wazi kwamba imekwisha. Watoto wake wataamka kila siku watazame matairi. Akainua jembe akalitua ardhini, kwa sababu hakujua la kufanya na mikono yake. Isack akavua miwani, akaiweka mfukoni, akatua la kwake kando yake. Mgogo naye. Lori likanguruma, likasogea kidogo.

Ndipo wimbo ukasikika.

Ulianza mbali, juu kwenye ukungu, sauti ya mwanamke mmoja inayotoa na wengi wanaopokea, na ulivyoteremka ukawa unanenepa. Wakatokea kwa njia ya mto, wakatokea kwa njia ya shule, wakatokea katikati ya migomba ambako Asia hakujua kama kuna njia. Majembe mabegani, watoto migongoni, wanaume na kofia za mvua. Kilima cha ndugu zake Evaline chote. Kilima cha pili. Yule mama wa kliniki, sasa mtoto mgongoni, amekuja na dada zake. Waliingia uwanjani bila kuomba maelekezo, wakajipanga safu kutoka kota ya kwanza mpaka ya mwisho, wakamwachia Asia nafasi katikati kwa sababu mwenye kibiri ndiye anayetua la kwanza.

Asia alikuwa analia waziwazi. Alipiga kigelegele cha Kitanga, kirefu, kikakata ukungu, akatua jembe. Majembe yote yakatua naye.

Lori lilikuwa bado limesimama mbele yao, injini inawaka. Safu ikasogea. Dereva akamtazama tajiri wake. Na mbele kabisa, mkabala na taa za lori, Bibi Philomena alikuwa ameinama analima, polepole, hainui kichwa, anasogea kuelekea gurudumu kama vile gurudumu halipo.

Bazilio akateremka haraka.

"Mama! Mama, unafanya nini hapa? Utaugua!"

Bibi akanyooka, mkono kiunoni.

"Nalipa kibiri," akasema. "Hawa wamenilimia. Wewe umenilimia lini?"

Hakusema kwa ukali. Alimuuliza kama mtu anayetaka kujua kweli. Wimbo ulikuwa umekatika, na safu yote ilikuwa inangoja. Mwana wa kilimani akimkuta mamake kwenye kibiri njiani, anashika jembe au anageuza njia. Hilo Bazilio alilijua kabla hajajua kuendesha baiskeli, na kila mtu pale alijua kwamba analijua. Akatazama lori lake. Akatazama watu, na wengi wao walikuwa wamecheza naye utotoni. Akamwashiria dereva arudishe gari nyuma. Kisha akainama akavua viatu, akakunja suruali, akanyoosha mkono bila kumtazama mtu usoni.

"Nipeni jembe."

"Aliyechelewa anajua kona yake," akasema Bibi Philomena, akamwonyesha vifusi vya mafundi kule juu.

Uwanja mzima ukalipuka kwa kicheko, na Bazilio mwenyewe, baada ya kupigana nacho kidogo, akacheka. Akaenda akazoa mawe. Wimbo ukarudi.

Bwana Abdalah alifika mchana kama alivyosema. Isack alimkimbilia na karatasi yake ya rangi, amefuta Machi ameandika Oktoba. Afisa ardhi hakuitazama. Alikanyaga uwanjani, kiatu kikazama kwenye udongo mwekundu mpaka kifundoni, akasimama hivyo anatazama ng'ambo kama kawaida yake. Mbele yake hapakuwa na jani lililosimama. Matuta yalikuwa yamekwenda kwa kukata mteremko, si kwa mistari ya karatasi. Wanawake walikuwa wanadondosha maharage, watoto wanafukia kwa miguu, mbegu za lengalenga, mchicha wa huko, na za kabichi zimefungwa kwenye vitambaa zinangoja zamu, na tajiri wa malori amekaa juu ya rundo la mawe, matope mpaka nyusini, anakula ugali kwa pupa.

"Bwana Bazilio," Abdalah akasema, "maombi yako bado yapo?"

Bazilio akameza tonge.

"Maombi gani?" akasema.

Abdalah akatabasamu, na kota hawakuwahi kumwona akitabasamu.

"Uwanja ni wenu," akawaambia, akachomoa kiatu chake.

Vigelegele vilivyopanda hapo vilisikika hospitali, na wagonjwa walioweza kusimama wakatoka kuuliza nani ameolewa. Isack alibebwa juu juu, akalalamika kwamba utaratibu haujafuatwa, akabebwa tena. Asia alikaa chini katikati ya tuta, miguu imenyooka mbele yake, na akacheka mpaka mbavu zikamuuma. Udongo ulikuwa wa baridi na laini chini ya viganja vyake. Wao wote, watu wa kuhamahama wasio na kwao, walikuwa na shamba.

Bibi Philomena akaja akasimama mbele yake, jembe begani, tayari kupanda kilima kabla mvua ya jioni haijafika. Hakupongeza wala hakuaga.

"Jumatatu jioni ni kwa Nduwayezu, chini ya kanisa," akasema. "Ana shamba kubwa, na mkewe amejifungua. Usichelewe."

"Sitachelewa, bibi," Asia akasema, akampa mkono, na yule bibi akamvuta akasimama.